Maji ya Baba Mkwe Yalikuwa Yanaenda Wapi?

Tik. Tik. Tik. Tik.

Nikafungua macho. Giza totoro.

Kalikuwa kasauti kadogo, kakavu, kama mtu anagonga ukucha kwenye kopo. Kanatokea upande wa bafuni.

Nikadhani bomba linavuja. Nikanyata mpaka bafuni, nikashika bomba moja moja. Makavu. Mashine ya kufulia imezimwa. Choo kimetulia.

Lakini kenyewe kapo tu. Tik. Tik. Tik.

Hata haukuwa usiku. Ilikuwa asubuhi ya watu kuamka, ila kwetu Kajaani, huku kaskazini kabisa mwa dunia, mwezi wa Desemba asubuhi na usiku ni mapacha.

Nikajisemea, Jonna, hujalala vizuri tangu mzee atoke hospitali, sasa masikio yameanza kukuchezea. Nikaenda kupika uji.

Laiti ningekafuatilia kale kasauti. Nisingekuja kupiga magoti kwenye vigae, nimeshika mpira wa mkojo wa baba wa mume wangu, namwomba Mungu mkojo utoke.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Ni mkojo.

Kaa vizuri nikusimulie.

*

Baba mkwe wangu anaitwa Taisto. Mzee wa miaka sabini na kitu, dereva mstaafu wa malori ya magogo. Mtu wa maneno machache mno. Siku mwanaye alipompigia simu kumwambia amepata mjukuu, alijibu, "Sawa," halafu akakata. Baadaye tukaambiwa na jirani yake kwamba alikaa ndani ya gari analia.

Ndiyo mzee mwenyewe huyo.

Alikutwa na saratani ya tezi dume. Madaktari wakaitoa tezi yote, na mambo yakaenda vizuri. Shida ikaja kwenye nani atakaa naye. Kwake ni kijijini, nyumba ya mbao pembeni ya ziwa, yuko peke yake tangu mama mkwe afariki. Mume wangu Tuomas anafanya kazi mgodini huko juu kaskazini, akipanda amepanda, wiki mbili humwoni.

Nikasema aje kwetu.

Kwetu ni ghorofa ya tatu, vyumba viwili, choo kimoja. Mimi, binti yangu Pihla wa miaka minne, na sasa mzee na mpira wake. Mpira wenyewe umeingia mwilini, ukateremka pajani, ukaishia kwenye mfuko wa mkojo uliofungwa mguuni.

Siku ya kumchukua, muuguzi alinivuta pembeni.

"Wewe ndiye utakayemwangalia?"

"Mimi. Ni mkwe wake."

"Basi sikiliza, dada. Kibofu kimeshonwa upya. Mpira utakaa mpaka mshono ushike. Akijikamua chooni, mshono unaweza kuachia. Ukiachia, anarudi mezani kukatwa tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kwa hiyo kazi yako ni moja tu. Apate choo laini. Maji mengi, dawa ya unga ya kulainisha, atembeetembee. Na asiingiziwe kitu chochote kwa nyuma. Chochote."

Anarudi mezani. Hilo neno lilinikaa kifuani kama mwiba. Nilikuwa nikisoma darasa la jioni, natafuta cheti ili nami siku moja niwe muuguzi. Nikajiambia, Jonna, mgonjwa wako wa kwanza huyo. Usimharibu.

*

Nikaanza kazi.

Asubuhi uji wa shayiri na mbegu za kitani. Mchana mkate mweusi wa nafaka ya rai. Jioni plamu kavu nilizochemsha mpaka zikawa rojo. Maji, nikajaza jagi kubwa, nikamwambia hili ni la mpaka saa sita, lingine la mpaka jioni.

Mzee hakubisha. Alikula. Alikunywa.

"Mkwe," akaniambia siku moja huku anatazama bakuli, "unanilisha kama farasi."

"Farasi wanapata choo, Baba."

Mabega yakamtikisika kidogo. Kwa Taisto, hicho ni kicheko cha kuanguka chini.

Lakini choo, hola.

Kesho yake, hola. Keshokutwa, hola.

Tumbo likaanza kumjaa. Akawa anatembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Mara nyingine yuko mezani, ghafla anashika ukingo wa meza, vidole vya miguu vinajikunja, uso unamwisha rangi.

"Baba, nini?"

"Kimepita."

"Nini kimepita?"

"Kilichokuja."

Nenda kapate jibu hapo.

Sasa kilichonichanganya zaidi ni mfuko. Kila nilipoumimina kwenye kopo la kupimia, nakuta mkojo kiduchu, mweusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Mtu anakunywa majagi mawili, kinachotoka hakijai kikombe.

Maji yanaenda wapi?

Nikampigia Tuomas.

"Muulize baba yako kama anayanywa kweli," nikamwambia.

"Muulize wewe, si uko naye."

"Ni baba yako, Tuomas!"

"Jonna, mimi na baba tumewahi kuongea kuhusu matairi, samaki na matairi tena. Nianzie wapi habari za choo?"

"Umetaja matairi mara mbili."

"Ndiyo yanayochukua muda mrefu."

Nikakata simu. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, sikujua nianze na lipi.

*

Nikamshuku.

Nikachunguza udongo wa ua la dirishani. Mkavu. Nikanusa sinki. Nikaangalia chini ya kochi kama nitakuta chupa. Usiku nalala jicho moja, nasikiliza kama mfuko wake unagusa ukuta. Kazini dukani nikawa nawapa wateja mikate siyo. Akili yote imeganda kwenye tumbo la mzee.

Mwisho nikamvaa.

"Baba, samahani. Maji unayamwaga?"

Akanitazama muda mrefu. Macho ya samawati, hayapepesi.

"Nayanywa."

"Yote?"

Akajaza glasi. Akaipandisha taratibu, ananiangalia mpaka tone la mwisho. Akaiweka mezani.

"Itisha polisi," akasema.

Pihla akapiga makofi. Mimi nikaona aibu mpaka masikioni.

Halafu likatokea jingine. Nimerudi kutoka darasani jioni, nimetoka kwenye kibaraza chetu cha ghorofani kukung'uta theluji kwenye koti la mtoto, nakuta maboksi. Maboksi yetu ya nguo za Pihla za uchanga, kile kigari cha kumsukumia, sleji ya kutelezea kwenye theluji, mapambo ya Krismasi. Vyote vimepangwa barazani kwa adabu, vimefunikwa turubai, theluji inaanza kuvikalia.

"Baba! Nani kaleta vitu huku?"

"Nimetembea. Si mlisema nitembee?"

"Na maboksi?"

"Nimetembea nayo."

"Hutakiwi kuinua vitu!"

"Sikuinua. Nilisukuma kwa mguu."

Nikajua ni uchovu wa kukaa ndani. Mzee aliyepakia magogo miaka arobaini, umfungie kwenye vyumba viwili na katuni za mtoto, lazima atasukuma kitu.

Sikujiuliza yale maboksi yalikuwa yanakaa wapi.

Jamani, sikujiuliza!

*

Siku yenyewe ikafika.

Asubuhi ile nikakasikia tena. Tik, tik, tik. Nilikuwa nimechelewa, nikakapuuza. Nikampa mzee uji na jagi lake, nikamvalisha Pihla, tukatoka.

Hatukufika mbali. Mwalimu wa chekechea alimwinua Pihla kidevu mlangoni tu.

"Jicho limevimba hili, mama Pihla. Rudi naye, asiwaambukize wenzake."

Tukageuza. Barabara inateleza, mtoto ananuna, mimi nawaza nimpigie nani wa dukani.

Nikafungua mlango wa nyumba.

Harufu.

Harufu ya mbao moto na vumbi la kale. Kioo cha mlango wa bafuni kimeingia ukungu.

"Mama, kunaungua?" Pihla akauliza.

Kabla sijajibu, nikasikia.

Tssssssssss.

Nikaachia mkoba. Nikafungua bafuni. Joto likanipiga usoni kama kofi.

Ngoja nikufafanulie hapa. Nyuma ya bafu letu kuna sauna, kachumba ka mbao, benchi la juu na la chini, jiko la umeme lenye mawe. Karibu kila nyumba mpya huku wanayo. Na vijana wengi kama sisi tumeigeuza stoo. Tangu tuhamie hatujawahi kuiwasha hata siku moja. Ilikuwa imejaa maboksi.

Yale maboksi.

Nikasukuma mlango wa sauna. Giza, mawe yamewiva kwa chini. Na pale juu kabisa, benchi la juu, joto la kuivisha mkate, amekaa Taisto. Taulo kiunoni, kata ya kumwagia mawe maji mkononi, jasho linamchuruzika kama mtu aliyetoka ziwani. Mfuko wa mkojo ameulaza kando yake kwenye benchi kama mgeni aliyealikwa.

"BABA!"

"Funga mlango," akasema. "Joto linatoka."

"Unafanya nini humu?!"

"Natafuta choo."

Majagi yangu mawili ya kila siku! Mzee anayanywa yote, halafu anakuja kuyatoa kwa ngozi. Tumbo linabaki kavu kama kuni, mkojo unabaki mashapo. Na kale ka tik tik ni saa ya lile jiko. Unaizungusha kabla, inahesabu yenyewe, jiko linajiwasha baada ya muda uliotaka. Yaani alikuwa anaitegesha alfajiri, mimi nikiwa bado kitandani, ili nikifunga tu mlango wa kutokea, mawe yaanze kupata moto.

Mipango ya dereva wa masafa marefu.

"Shuka, Baba. Shuka sasa hivi."

Akaanza kushuka. Mguu wa kwanza ukakanyaga. Wa pili ukakataa.

Nilimdaka kifuani. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Tukateremka wote mpaka kwenye vigae vya bafu, mzee kaegemea ukuta, midomo myeupe. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Akanishika mkono.

"Kinabana, mkwe," akasema. "Kinabana kweli."

Nikamgusa chini ya kitovu. Pagumu kama ubao.

Nikatazama mfuko.

Mtupu.

*

Nikapiga simu ya wodi. Akapokea muuguzi anaitwa Outi.

"Mkojo hautoki! Kibofu kimejaa, mfuko mtupu, ametoka jasho sana, anataka kuzimia!"

"Pole pole, dada. Alikuwa wapi?"

"Sauna."

"Na mpira ndani?"

"Na mpira ndani."

"Wanaume wa nchi hii," Outi akasema, "siku watakayokufa watauliza kama jeneza lina benchi la juu. Sasa nisikilize. Mfuko uko wapi?"

"Nimeushika."

"Weka sakafuni, chini ya kiuno chake. Halafu anzia kwenye mfuko, fuata mpira kwa vidole mpaka mwilini. Usivute. Usisukumie maji ndani. Tafuta tu ulipokunjika."

Nikaweka simu kwenye sauti ya juu. Nikafuata mpira. Hapa sawa. Hapa sawa. Baba mkwe amegeuza uso ukutani. Mimi natafuta njia ya mkojo kwenye paja la mtu ambaye hata kukumbatiana hatujawahi.

"Baba, samahani," nikasema.

"Endelea," akajibu ukuta.

Nikaupata. Ule mkanda wa pajani ulikuwa umejizungusha, na mpira kwa joto umelainika, umelala kabisa chini yake. Nikaunyoosha.

"Nimeunyoosha, Outi!"

"Unatoka?"

"Hautoki."

"Mpe maji, funda moja moja. Usimwache. Mimi naita gari la wagonjwa, lisipohitajika litarudi. Umetazama ndani ya mpira?"

Nikatazama. Karibu na kiungo kulikuwa na kitu cheusi, chembamba, kama uzi wa sufu. Bonge la damu.

"Usikiguse," Outi akasema. "Kisubiri."

Tukakisubiri.

Nani anaweza kusubiri hapo? Nilikuwa nahesabu pumzi za mzee. Nilikuwa nawaza anarudi mezani, anarudi mezani, na ni mimi niliyeambiwa kazi ni moja tu. Pihla amesimama mlangoni na jicho lake jekundu, amekumbatia buti za babu yake. Hata yeye alijua.

Ule uzi ukatikisika.

Ukasogea kidogo.

Ukakwama.

"Twende," nikanong'ona. "Twende, baba yangu, twende." Sijui nilikuwa naongea na mzee au na damu.

Ukachomoka.

Na nyuma yake ukaja mkojo. Kwanza mweusi, halafu kahawia, halafu ukaanza kung'aa, unashuka kwa nguvu, unagonga chini ya mfuko. Taisto akashusha pumzi ndefu mpaka mabega yakalala.

"Unatoka," nikamwambia Outi. Nikashindwa kuendelea. Nililia pale pale kwenye vigae kama mtoto.

"Vizuri sana," akasema Outi. "Umefanya vizuri sana, mwenzangu."

Mwenzangu. Muuguzi kaniita mwenzangu.

*

Watu wa gari la wagonjwa walikuja wakampima. Mshono haukuachia. Wakabadilisha zile dawa kali za maumivu, kumbe nazo hufunga tumbo. Na kile kilichokuwa kinamkunja vidole vya miguu mezani kikapata jina: kibofu kinajikaza kwa kukataa mpira, na kina vidonge vyake. Angesema siku ya kwanza, angepewa siku ya kwanza.

Walipoondoka nikakaa naye jikoni.

"Kwa nini hukusema, Baba?"

Akazungusha kikombe.

"Kule kwangu, tumbo likigoma, naenda sauna. Linalegea. Maisha yote."

"Ni hilo tu?"

Akasukuma kikombe pembeni.

"Choo chenu," akasema mwishowe, "kimepakana na jiko."

"Ndiyo."

"Nikikaa pale, nakusikia unakata vitunguu."

Sikuelewa.

Akaangalia dirishani, masikio yamemwiva. "Kama mimi nakusikia wewe unakata vitunguu, mkwe..."

Hakumalizia. Hakukuwa na haja.

Mzee alikuwa anabana! Wala hakuwa na tumbo bovu. Alikuwa na heshima. Kila likimjia, mkwe yuko nyuma ya ukuta anamchemshia plamu. Nikiondoka, limeshakataa, ndipo anapanda kwenye moto kulibembeleza. Kadiri nilivyomganda kumhudumia, ndivyo nilivyomfungia njia. Uji, mbegu, dawa, vyote vilikuwa sawa. Kilichokosekana ni mimi kutoka nje.

Basi kesho yake, sauna nikaizima umeme kabisa. Maji akanywa, na safari hii yakabaki tumboni. Baada ya uji nikafungua redio kwa sauti kubwa, nikavaa koti.

"Mimi na Pihla tunatoka."

"Mnaenda wapi?" akauliza.

"Hatuendi popote. Tunatoka tu. Na usijikamue."

Akaniangalia. Akaitikia kwa kichwa.

Tukakaa kwenye ngazi nje ya mlango. Pihla ananiuliza kwa nini tumekaa kwenye ngazi, namwambia tunampa babu nyumba. Mguu wangu hautulii. Natazama mlango, natazama sakafu, natazama mlango. Akapita mama Vuokko wa ghorofa ya nne, mwanamke ambaye kwa kawaida husubiri watu wapite ndipo afungue mlango wake.

"Mmefungiwa nje?" akauliza, kwa shida.

"Hapana, mama. Tunapumzika."

Akaona bora asiulize zaidi. Ila hakupanda. Akasimama pale ngazi ya juu, anatafuta ufunguo ambao uko mkononi mwake.

Wewe unayesoma hapa, kama una mgonjwa nyumbani, mpe dawa, mpe maji, muulize anaumwa wapi mpaka akujibu. Lakini pia mpe mlango wa kufunga. Mtu mzima hubaki mtu mzima hata akiwa na mpira mguuni. Na wewe baba unayesoma kimya kimya, ukibanwa, sema. Hatutakucheka. Tukikucheka, tutakucheka baadaye, ukiwa mzima.

Mlango ukafunguka.

Taisto amesimama, kavaa gauni la kulalia, nywele kazichana, mfuko kaushika vizuri chini ya kiuno. Akanitazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Mama Vuokko yuko pale juu.

Mzee akainama taratibu, akaweka mdomo kwenye sikio la Pihla, akamnong'oneza.

Pihla akasikiliza mpaka mwisho. Akanigeukia, akajaza kifua hewa, ngazi zote zikamsikia:

"Mama, babu amepata choo!"